Usitupe Cheni ya Zamani: Kusafisha Vyuma vya Baiskeli kwa Vitu vya Nyumbani

Mwezi huu ukurasa wetu wa nyumbani ni juu ya baiskeli. Wengine kati yetu tunaiita velo, wengine kinga, na jirani zetu Waganda wanasema gaali. Jina lolote, kazi ni ile ile. Hapa Nakivale baiskeli ndiyo inabeba madumu ya maji, gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, mtoto anayesoma mbali, na mara nyingine mama mwenye uchungu anayepelekwa kituo cha afya usiku. Kutoka Juru au Rubondo mpaka Base Camp si safari ya kufanya kila siku na mzigo kichwani.

Kazi hii tunaijua tangu nyumbani. Kisangani, magari yalipopotea kwa sababu ya vita na barabara mbovu, watu walisafiri kwa toleka, yaani baiskeli za abiria. Burundi, vijana wanashuka milima na ndizi zimefungwa pande zote mpaka gurudumu halionekani. Hata hii boda boda ya Uganda ilianza kama baiskeli: kwenye miaka ya 1960 watu walikuwa wakivushwa kwa baiskeli mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki ilikuja baadaye.

Sasa angalia nyuma ya nyumba yako, au ya jirani. Iko baiskeli imelazwa pale, kuku wamelala juu yake, cheni imekuwa nyekundu, pedali haizunguki. Mwenyewe anasema, "Ile ilishakufa." Mara nyingi haijafa. Imezibwa tu na vumbi la mwezi wa 6 mpaka wa 8, halafu mvua ya mwezi wa 9 ikaingia ndani ya ile grisi ya zamani, kutu ikaanza. Na pesa ya kununua vipya haiko. Tangu WFP ilipopunguza mgao hapa Uganda kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, na makato mengine yaliyofuata, nyumba nyingi haziwezi kutoa pesa ya cheni mpya kabla ya kufikiria chakula.

Kwa hiyo tunasafisha. Lakini tunasafisha ili tuone, wala si ili ing'ae. Chuma kichafu kinaficha mambo mawili: kinaficha uzima, ukakitupa bure, na kinaficha ufa, ukakipanda na mtoto nyuma. Ukimaliza kusoma hapa tungependa ujue kutofautisha hivyo viwili.

Kwanza tuelewane juu ya neno "petroli"

Hili tunaliweka mbele kwa sababu linaweza kuunguza nyumba.

Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, tukisema petroli tunamaanisha mafuta ya taa. Yale ya gari tunayaita esanse. Hapa Uganda, na pia Kenya na Tanzania, petroli ni yale ya gari na pikipiki. Mafuta ya taa dukani hapa wanayaita parafini. Sasa fikiri: mama anamtuma mtoto, "Nenda ununue petroli kidogo ya kusafishia cheni," mtoto anakwenda kwa muuza mafuta ya boda boda, anapewa esanse ndani ya chupa. Mzee anaanza kuosha cheni mlangoni, na hatua tano kutoka hapo jiko la mkaa linawaka.

Esanse inatoa hewa inayoshika moto hata bila joto, na hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatambaa chini chini kama maji mpaka ilifikie jiko. Hutaiona. Mafuta ya taa ni mapole zaidi kwa hilo, ingawa nayo yanawaka na hayapendi kuwekwa karibu na moto. Kama unaweza kupata dizeli, ile tunayoiita mazutu, nayo inasafisha vizuri, polepole kidogo. Esanse usiitumie kusafishia kabisa, hata kama fundi fulani anaitumia. Mtume mtoto na jina "parafini" au "mafuta ya taa", halafu unuse mwenyewe kabla ya kumimina.

Jambo la pili la mafuta haya: usiyaweke katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Akiyanywa, usimtapishe, kwa sababu anapotapika yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mbebe moja kwa moja mpaka kituo cha afya, na chupa uende nayo wakaione.

Vitu vyenyewe viko nyumbani

Utahitaji makopo mawili. Lile la lita 4 la mafuta ya kula, ukilikata mdomo na kukunja kingo zisikukate, ni beseni zuri. Tafuta mswaki wa zamani, matambara, kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, majivu ya kuni yaliyochekechwa, sabuni ya mche au ya unga, ndimu au siki, na mafuta ya taa kiasi cha kikombe kimoja. Mikononi vaa kavera, mfuko wowote wa plastiki usiotoboka. Kama iko spika ya redio iliyokufa, toa sumaku yake uiweke. Nitaeleza kazi yake.

Maji tunayapigania sote bombani, hakuna haja ya kumwaga dumu zima kwa ajili ya chuma. Maji uliyofulia nguo, yenye povu bado, yanatosha kwa kuosha mara ya kwanza. Maji safi ni ya kusuuza tu mwishoni.

Fanyia kazi nje, chini ya mti, mbali na jiko, mbali na bustani ya mboga. Tandika kitambaa cha rangi nyeupe au gunia safi la unga, ili kitu kidogo kikianguka ukione. Kila unachofungua kipange kwa mstari, kwa utaratibu uliokitoa. Watoto wakubwa wanaweza kuwa makarani hapo: wachore kwenye daftari kipi kilitangulia kipi. Siku ya kufunga utawashukuru.

Cheni

Hii ndiyo inatupwa ovyo kuliko vyote, basi tukae nayo kidogo.

Cheni ya baiskeli zetu hizi za Phoenix, Hero na Avon ina kiungo kimoja chenye klipu ndogo umbo la samaki. Itoe taratibu kwa bisibisi, ukiifunika na kidole isiruke majanini. Kabla ya kulowesha chochote, ipige cheni brashi kavu kwanza. Watu wengi wanaruka hapo, wanaiingiza kwenye mafuta na mchanga wake wote, halafu wanashangaa mafuta yamekuwa tope.

Iweke ndani ya kopo, mimina mafuta ya taa mpaka yaifunike, iache nusu saa, kama ni kavu sana iache usiku mzima na kopo limefunikwa juu mahali ambapo mtoto hafiki. Itikise, isugue na mswaki kiungo kwa kiungo. Yale mafuta machafu usiyamwage. Yaache yatulie siku mbili tatu, uchafu utashuka chini, juu yatabaki meupe kiasi, yamimine polepole kwenye kopo lingine. Kikombe hicho kimoja kinaweza kusafisha cheni tatu. Tope la chini lifute na kitambaa, usilimwage karibu na bomba, ziwa wala shamba.

Ukimaliza hapo, ioshe kwa maji ya moto yenye sabuni, suuza, itundike juani. Isubiri ikauke kweli, kwa sababu maji yanajificha ndani ya vile viringi vidogo. Ikikauka, tone moja la oili kwa kila kiringi, izungushe, halafu futa yote yaliyobaki nje. Ndiyo, yafute. Oili inafanya kazi ndani. Iliyoko nje inakamata vumbi tu, na vumbi na oili pamoja ni msasa.

Oili gani? Hapa tunajua mnataka kuuliza. Mafuta ya mgao hapana. Mawese hapana. Samli hapana. Kwa siku mbili zitaonekana nzuri, baadaye mafuta ya kula yanakauka, yananata kama gundi, na cheni inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Tena ni chakula cha watoto hicho. Nenda kwa fundi wa pikipiki, omba oili mpya ya injini hata kofia mbili za chupa. Cheni nzima haihitaji zaidi. Ile nyeusi iliyotolewa kwenye injini wengi wanaitumia kwa sababu ni ya bure. Inasaidia kuliko kukosa kabisa, lakini ina unga wa chuma ndani na si nzuri kwa ngozi. Ukilazimika, ichuje kwa kitambaa, vaa kavera, na usimshike mtoto mchanga kabla ya kunawa. Mikono yenye grisi inatoka vizuri ukiipaka matone machache ya mafuta ya kula kwanza, halafu sabuni. Hapo, ndiyo, mafuta ya mgao yana kazi.

Sasa swali kubwa: cheni hii iliyosafika, bado ni nzima? Chukua rula ya mwanafunzi, ile yenye inchi upande mmoja. Ilaze cheni imenyooka, uivute kidogo. Weka sifuri katikati ya pini moja. Hesabu pini 22 baada ya hiyo. Cheni mpya, pini ya 22 inakaa kwenye inchi 11 sawasawa. Ikiwa imepita kidogo sana, endelea kuitumia. Ikiwa imepita kwa milimita 3 hivi, imeisha, haijalishi inang'aa namna gani. Itakuwa inaruka meno ukipanda kilima na mzigo, na itayala meno ya gia mpaka uanze kununua vyote viwili.

Ukirudisha ile klipu ya samaki, kichwa chake kilichofungwa kitangulie upande cheni inakokwenda, mkia uliopasuka ubaki nyuma. Ukiigeuza, kijiti kimoja tu njiani kitaifungua.

Mambo mawili usifanye. Usiiweke cheni kwenye ndimu wala siki, hata kama ina kutu kiasi gani: asidi inaingia katika chuma kigumu inakifanya kikatike kama biskuti. Na usiitupe kwenye moto ili grisi iungue. Tumeona watu wakifanya hivyo na gololi pia. Moto wa mkaa unaondoa ugumu wa chuma, na chuma kilichopoteza ugumu wake hakirudi.

Gololi na kitovu cha gurudumu

Gurudumu linalolia "krr krr" linaomba kufunguliwa. Ukilegeza nati na koni, gololi zitaanguka, ndiyo maana tulisema utandike kitambaa. Kwa kawaida gurudumu la mbele lina gololi 10 kila upande, zile ndogo, na la nyuma lina 9 kila upande, kubwa kidogo. Ukikuta 7 ujue aliyefungua kabla yako alizipoteza na akanyamaza.

Zitie ndani ya soksi ya zamani au kitambaa kilichofungwa, tikisa ndani ya mafuta ya taa, halafu sabuni, halafu kausha. Usitumie chujio la chai la mama, maana halitarudi jikoni tena. Sehemu ya ndani ya kitovu futa na kitambaa kilichozungushiwa kijiti cha mwanzi.

Ishike kila gololi kwenye jua, uizungushe. Nzuri inang'aa yote kama jicho la samaki mbichi. Yenye vitobo au iliyofifia upande mmoja haifai. Na hapa usibane pesa vibaya: ikiharibika moja, badili zote za upande huo. Mpya ikichanganywa na zilizopungua unene, mzigo wote unaibebea ile mpya. Angalia na koni, kama ina mashimo madogo pale gololi zinapopita, hakuna sabuni itakayoiponya.

Grisi kidogo unaweza kuipata kwa fundi. Ipake ndani, gololi zitanata zenyewe wakati unafunga. Kaza mpaka gurudumu lisicheze kushoto na kulia, halafu legeza kidogo kidogo. Kipimo chake ni hiki: inua gurudumu juu, liache lenyewe. Likiwa huru, ile valvu ya kujazia upepo, kwa kuwa ni nzito kidogo, itashuka yenyewe polepole mpaka chini. Isiposhuka, umekaza mno.

Kutu

Nati, boliti, keria, stendi, vikombe vya breki, hivi ndivyo vya kutibu kwa ndimu au siki. Vijana wetu Warundi na Wanyarwanda wanajua kwamba pombe ya ndizi ikiachwa sana inageuka kuwa siki. Nayo inafaa, kama hakuna wa kuinywa. Wengine wanatumia soda nyeusi. Ni kweli inakula kutu, lakini kwa bei ya soda, mimi ningekunywa.

Osha grisi kwanza, maana asidi haipiti kwenye mafuta. Halafu lowesha kwenye maji ya ndimu masaa kadhaa, ikibidi usiku mmoja. Toa, sugua, suuza. Wengi wanasimama hapo, na kesho yake chuma kina kutu ya rangi ya chungwa kuliko jana. Asidi iliyobaki inaendelea na kazi. Kwa hiyo kioshe tena na maji ya majivu, ambayo yanaituliza ile asidi, suuza, kikaushe hapo hapo kwenye jua kali au kando ya jiko, na kipake oili kikiwa bado na joto. Chumvi usiongeze. Inasaidia kusugua, lakini inabaki ndani na kuita kutu nyingine.

Boliti ndogo nyingi zitie kwenye kopo na mchanga mkavu wa mtoni, funga, mpe mtoto acheze ngoma nalo robo saa. Zinatoka safi na mtoto ana furaha.

Jik na dawa nyingine ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe au ya kutibia maji, isikaribie kazi hii. Yenyewe inaleta kutu. Mbaya zaidi, ikikutana na ndimu au siki inatoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Usiyachanganye kamwe, wala katika kopo moja moja baada ya nyingine.

Majivu nayo yana mipaka yake. Yakilowa yanakata grisi vizuri sana, hata bila sabuni, kwenye chuma cha kawaida. Lakini yanakula aluminiamu, na magadi pia yanaikula. Hapa ndipo ile sumaku ya redio inakuja. Iguse ringi, iguse breki: ikishika ni chuma, majivu ruksa, isiposhika, huenda ni aluminiamu, tumia sabuni na maji tu. Na spoki za kijivu zisizong'aa zimepakwa zinki. Ndimu inaitoa hiyo zinki kwanza, halafu kutu inaingia kwa raha. Hizo pia ni za sabuni na kitambaa.

Ringi inayong'aa ya chuma yenye madoadoa ya kutu ina dawa nyepesi: ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara au ya chokoleti. Ilowanishe na maji, ikunje, sugua taratibu. Doa linatoka bila kukwaruza. Ukitumia msasa, utaondoa kutu pamoja na kile king'aacho, na mwezi ujao ringi yote ni nyekundu.

Juu ya breki tuseme kwa kifupi. Mafuta ya taa au oili ikigusa ringi pale mpira wa breki unapokamata, au kugusa mpira wenyewe, huna breki tena. Osha kwa sabuni mara mbili, kwaruza uso wa mpira na jiwe, na jaribu kabla ya kushuka kilima. Mafuta ya taa yanaharibu pia matairi na tyubu. Madigadi na kengele fanya unavyotaka.

Kutafuta ufa

Chuma kikishakuwa safi, kuna jambo moja ambalo mafundi wa treni walikuwa wakilifanya tangu zamani kwenye ekseli za mabehewa, na linawezekana hapa kambini kwa mafuta ya taa na chaki ya shule.

Vyuma vya kukagua ni vile ambavyo vikikatika unaanguka: foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, hasa juu pale miguu miwili inapokutana, shingo ya usukani, mikono ya pedali karibu na kotapini, ekseli ya pedali, bomba la siti, na mahali pa fremu panaposhika gurudumu la nyuma. Kisafishe mpaka kiwe wazi, kikavu. Kipake mafuta ya taa, kisubiri robo saa yaingie popote yanapoweza kuingia. Halafu kifute kabisa, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Sasa saga chaki iwe unga, uipake juu yake nyembamba, hata kwa kidole. Subiri tena, ukigonga gonga kile chuma na kijiti.

Kama ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kuna ufa, hata ule ambao jicho halioni, mafuta yaliyojificha ndani yake yanatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mkwaruzo wa kawaida hautoi mstari namna hiyo. Ukiuona mstari kwenye foko au shingo ya usukani, hicho chuma kimemaliza kazi. Kuna watakaokwambia kichomelewe tu. Keria ichomelewe, stendi ichomelewe, hakuna neno. Foko iliyopasuka, hapana: inakatika ghafla, mara nyingi kwenye mteremko, na anayeanguka kwa uso ni yule uliyempakia. Ivunje kabisa kwa nyundo kabla ya kuiuza kama chuma chakavu, mtu mwingine asije akaipaka rangi na kuirudisha sokoni.

Wakati wa kufunga

Vizima usivyovihitaji leo vipake oili, vifunge kwenye kitambaa, uviweke ndani ya kopo lenye kifuniko ndani ya nyumba. Baiskeli tatu zilizokufa za majirani watatu, zikisafishwa na kuwekwa pamoja kwenye gunia moja, mara nyingi zinatoa moja inayotembea. Mkubaliane mapema kabisa atakayeipanda siku ya mgao.

Wakati wa kurudisha pedali, kumbuka ya kushoto ina uzi wa kinyume: inafungwa kwa kuzungusha kuelekea kushoto. Ukiilazimisha kama ya kulia utaharibu uzi wa mkono mzima, na kazi ya siku mbili imekwenda. Kotapini iingize kwa kuigonga juu ya kipande cha mti, ukiwa umeweka kitu kizito chini ya mkono wa pedali ili gololi za ndani zisiumie, halafu kaza nati yake.

Panda kwanza bila mzigo, mahali tambarare, ukijaribu breki mara kadhaa. Baada ya siku tatu za kazi, kaza tena nati za kotapini, maana pini ikishapata uzito inakaa ndani zaidi na nati inalegea. Siku hiyo hiyo pima cheni, kama imelegea sogeza gurudumu la nyuma kidogo, pande zote mbili sawa.